Hiyo Ni Salamu, Sasa Nipe Habari

Hotuba ya mzungumzaji mwalikwa katika sherehe za Uhuru za Jumuiya yetu mwaka jana. Inachapishwa kwa ombi la wanachama.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana na watoto: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wote, habari za jioni?

(Ukumbi: Nzuri!)

Ahsanteni. Likumbukeni jibu hilo, nitalirudia kabla sijashuka hapa.

Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Dada, tuzungumzie afya, ila usituogopeshe, maana watu watakuwa wamekuja kula pilau." Nilimwahidi nitajitahidi. Lakini mimi ni muuguzi, na muuguzi akiahidi kutokuogopesha watu ujue anakuja na sindano mfukoni. Sindano yangu ya leo ni ndogo. Nataka tuzungumze kuhusu watoto wetu wanaolala bwenini.

Nimechagua jambo hili kwa sababu ya tarehe. Leo tunakumbuka tarehe 9 Desemba 1961. Siku chache zijazo vijana wetu walio vyuoni watafunga mabegi, waache vyumba vyao vya hosteli na kurudi nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Na Januari shule za nyumbani Tanzania zitafunguliwa, na najua humu ndani wapo wazazi waliokwisha kata tiketi ya kumpeleka mtoto kusoma bweni huko. Kwa hiyo kuna watoto wanaotoka bwenini na wengine wanaokwenda. Wote ni wetu.

Tena bweni si jambo geni katika historia yetu. Mwalimu Nyerere alianza shule mwaka 1934 pale Mwisenge, Musoma, akilala shuleni mbali na kwao Butiama, kisha akaenda Tabora. Baada ya Uhuru, mabweni ya sekondari ndiyo yaliyomlaza Mhaya kitanda cha juu na Mmakonde kitanda cha chini, wakaamka Watanzania. Mimi ni zao la mabweni hayo na ninayashukuru. Ila ukipenda kitu, useme na kasoro zake.

Wote wazima?

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Mwaka 1993 nilichaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya wasichana iliyokuwa mbali sana na kwetu. Jina lake nitaliacha. Nilipanda treni na tranka la bati, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani, ndoo, jembe na kwanja. Safari ilikuwa siku tatu, treni halafu mabasi. Barua ya nyumbani ilichukua wiki mbili ikiwa na haraka.

Bweni letu lilikuwa na dabo deka ishirini, yaani wasichana arobaini. Kila usiku kabla taa hazijazimwa, kiranja alisimama mlangoni na daftari lake akauliza, "Wote wazima?" Nasi tukaitika kwa pamoja, "Wazima!" Akaandika, akaenda zake. Huo ndio uliokuwa ukaguzi wa afya.

Usiku mmoja wa mwaka 1994, mwenzangu wa kitanda cha chini alirudi kutoka prepo akitetemeka. Alijifunika shuka mbili, nikamwongezea kitenge changu. Kiranja alipokuja na swali lake, tuliitika kama kawaida, "Wazima!" Na yeye aliitika. Nilimsikia, sauti imefifia chini ya mashuka.

Kwa nini aliitika? Kwa sababu wiki iliyotangulia msichana aliyesema anaumwa aliambiwa ni mvivu anayekwepa zamu, akapewa adhabu ya kuchota maji ya jikoni. Pale kwetu ugonjwa ulikuwa na gharama, na kila mtoto aliijua bei yake.

Usiku wa manane akaanza kuweweseka, anamwita mama yake kana kwamba amesimama pale. Niliteremka, nikamgusa: mwili unaunguza kama jiko la mkaa. Tuliamka watatu. Tukanong'onezana nani aende kumgongea matroni. Hapana aliyekwenda. Mimi pia sikwenda. Tulimpepea kwa daftari mpaka alfajiri, na alfajiri akapata degedege. Alipelekwa hospitali ya wilaya kwenye lori la kuni la shule. Walimwekea dripu ya kwinini, na kwa neema ya Mungu alipona. Lakini alipoteza mwaka mzima wa masomo, na aliporudi sikio lake moja halikuwa linasikia vizuri. Alituuliza swali moja tu: "Mlikuwa macho?"

Tulikuwa macho. Nimekuwa muuguzi kwa karibu miaka ishirini, na nikisikia kengele ya mgonjwa usiku bado naliona lile bweni.

Mama mpishi

Lakini shule hiyohiyo ilinipa dawa ya ugonjwa huo, nayo ilikaa jikoni. Alikuwepo mama mmoja mpishi. Jumapili ya wageni, wenzangu walipokuwa chini ya miembe wanakula chapati na kuku wa kwao, mimi wa Kigoma nilikuwa najifanya nafua. Yule mama aliniona. Akaniita nyuma ya jiko, akanipa ukoko wa wali na kikombe cha chai ya rangi, akaniuliza, "Habari za masomo?"

Nikasema, "Nzuri, shikamoo mama."

Akaitikia, "Marahaba. Hiyo ni salamu. Sasa nipe habari."

Nikalia mpaka chai ikapoa.

Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo usiku wa leo. Lugha yetu ni ya adabu. Mtu akiuliza habari, unajibu nzuri, hata kama umetoka makaburini. Unasema, "Nzuri, ila tumefiwa." "Salama, ila mtoto amelazwa." Kwetu habari yenyewe huja baada ya "ila". Mtu mzima anajua kuisubiri. Lakini mtoto aliye mbali, kwenye simu, anasema "nzuri", na sisi tuliochoka na zamu tunasema "namshukuru Mungu", tunakata. "Ila" yake inabaki naye bwenini, inalala naye.

Nilivyokosea mimi mwenyewe

Msidhani nimekuja kuwafundisha kwa sababu mimi najua. Binti yangu ameniruhusu niseme haya. Amekaa pale nyuma na najua ananiangalia vibaya.

Mwaka 2022 alianza chuo kikuu katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Tulimpeleka kwa gari na masufuria mapya, mchele kilo kumi na chupa tatu za pilipili. Kila Jumapili nilimpigia. "Hujambo mwanangu?" "Sijambo mama, shikamoo." "Masomo?" "Nzuri." "Unakula?" "Nakula." Nikamshukuru Mungu, nikalala, maana mara nyingi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku.

Februari nilipigiwa simu na msichana nisiyemjua. Alikuwa anatumia jiko moja na binti yangu pale hosteli. Akasema, "Anti, samahani kwa kukusumbua, lakini mwanao hajatoka chumbani siku nne." Nilipofika nilikuta mchele umebaki karibu wote. Alikuwa analala mchana na kukesha usiku. Hakuwa amehudhuria darasa tangu Desemba. Ilikuwa sonona, ugonjwa ambao mimi huwaeleza watu kazini kila wiki.

Nilikasirika na chuo: mbona hawakuniambia? Nikajibiwa kwa upole kwamba mwanafunzi ana miaka kumi na minane, ni mtu mzima, na habari zake ni zake. Nilinyamaza, kwa sababu siri hiyohiyo ndiyo ninayowatunzia wagonjwa wangu.

Alipopata nguvu nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Mama, ulikuwa ukipiga umechoka. Nikisema nzuri, unasema namshukuru Mungu. Niliona nikisema vingine nitakuharibia shukrani zako."

Leo yuko vizuri, anaendelea na masomo. Daktari alimsaidia, washauri wa chuo walimsaidia, na kile chuo nilichokikasirikia kilimruhusu kurudia alichokosa. Lakini aliyemwokoa ni yule aliyegonga mlango. Yeye alifanya kile ambacho mimi nilishindwa mwaka 1994.

Kwa walio vyuoni hapa Uingereza

Sasa niseme ya kazi yangu, na wenye kalamu waandike.

Jambo la kwanza ni daktari. Kijana akihamia mji mwingine kusoma, ajisajili kwa GP wa mji ule wiki ya kwanza, angali mzima. Wengi wanabaki na daktari wa nyumbani kwa mama, maili mia mbili kutoka kitandani kwao. Siku ya homa ndipo wanapogundua.

Pili ni chanjo. Vyumba vya hosteli, jiko moja na sherehe za kufungua chuo vinawakutanisha vijana wengi kwa mara moja, na vijidudu vya homa ya uti wa mgongo hupita humo humo. Ipo chanjo ya bure inayoitwa MenACWY. Kwa kawaida hutolewa shuleni mtoto akiwa na miaka kama kumi na minne. Aliyeikosa, pamoja na aliyetoka nyumbani Tanzania kuja kusoma, anaweza kuipata kwa GP kabla hajafikisha miaka 25. Ulizeni. Lakini haizuii aina zote za ugonjwa huo, kwa hiyo dalili lazima zijulikane: homa, kichwa kuuma sana, kutapika, shingo kukaza, kuchukia mwanga, mikono na miguu kuwa ya baridi, kuchanganyikiwa, usingizi usioamshika.

Na upele. Mmesikia habari ya kubonyeza glasi juu ya upele: usipofifia, kimbia hospitali. Ni kweli, lakini ngozi zetu ni nyeusi, na upele huo unaweza usionekane kabisa kifuani au mkononi. Tazameni viganja, nyayo, ndani ya kope za chini na juu kaakaani. Wala msingoje upele. Wengine wanazidiwa kabla haujatoka, na wengine hautoki kabisa.

Wanangu, hapa nawaambia ninyi. Mwenzako akiwa analala hoi asubuhi baada ya sherehe, usiseme tu "amelewa huyo". Uti wa mgongo mwanzoni unafanana na uchovu wa pombe. Na kama kweli ni pombe na haamki ukimtikisa, mlaze ubavu ili asisongwe na matapishi, piga 999, kaa naye. Hapana kumwacha peke yake eti alale iishe.

Tatu, wenye ugonjwa wa seli mundu. Katika jamii yetu ni wengi kuliko tunavyokiri mbele za watu. Baridi, kukosa maji mwilini, uchovu na maambukizi ndivyo vinavyoamsha maumivu. Kijana huyu ahakikishe chumba chake kina joto, dawa zake hazikatiki, na walau wenzake wawili wanajua nini cha kufanya. Homa kwa mwenye seli mundu si ya kungojea kesho. Ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, ruhusa. Nimesema chuo hakiwezi kumpigia mzazi kiholela. Lakini vyuo vingi humwuliza mwanafunzi anapojiandikisha amtaje mtu wa kupigiwa ikiwa kuna wasiwasi mkubwa juu ya maisha yake. Wengi wanaliruka swali hilo au wanaandika namba ya zamani. Krismasi hii kaeni na kijana wenu mlitazame pamoja. Kama hataki jina lako, usinune. Aweke la shangazi, la kaka, la yeyote atakayeitikia simu saa nane za usiku.

Tano, moyo. Kijana akiacha kula, akilala mchana, akijitenga, akigawa vitu vyake, akisema watu wangekuwa afadhali bila yeye, mwulize waziwazi: "Unafikiria kujidhuru?" Wazee wetu waliogopa kwamba ukilitaja utaliita. Sivyo. Kumwuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulitua. Hapa England, simu ya 111 ukichagua namba 2 inakupeleka kwa watu wa afya ya akili, usiku na mchana. Samaritans wanapatikana kwa 116 123, bila malipo. Hatari ikiwa ni ya sasa hivi, ni 999. Kumwombea mtoto ni vizuri. Kumwombea mkiwa njiani kwenda kwa daktari ni vizuri zaidi. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kwa wanaopelekwa nyumbani

Sasa nageukia upande ule mwingine, na najua hapa baadhi yenu mtanikunjia uso.

Wapo wanaopeleka mtoto bweni Tanzania ili ajue Kiswahili, awajue babu na bibi, asome vizuri. Hao nawapongeza. Wapo pia wanaompeleka "akanyooke". Mtoto anaambiwa tunakwenda likizo, mwezi unaisha, wazazi wanarudi, yeye anabaki na tranka. Ndugu zangu, mtoto aliyeachwa kwa hila hasemi "ila" tena kwa mtu yeyote, maana aliowaamini ndio waliomdanganya. Kama umeamua, mwambie. Mpe sababu, mpe muda, msikilize akilia. Na kama ni mdogo, subiri: mwaka 2023 serikali yetu yenyewe ilizuia huduma ya bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Halafu malaria. Tunasema, "Huyu ni damu yetu, malaria haimtishi." Malaria haiangalii pasipoti wala ukoo. Mtoto aliyezaliwa hapa hana kinga yoyote, na hata wewe mzazi uliyekulia Kigoma kinga yako inapungua kila mwaka unaokaa huku. Kabla ya safari muone mhudumu wa afya ya wasafiri, mzungumze kuhusu dawa za kinga. Chandarua chenye dawa kiende naye, na matroni ajue kinatumika kila usiku. Homa ikipanda, apimwe siku hiyo hiyo. Akirudi Uingereza na kupata homa, hata miezi imepita, mwambieni daktari kwamba alikuwa Tanzania. Asipoambiwa anaweza kudhani ni mafua.

Hapo hapo nirekebishe kosa moja. Watu wanasema mwenye seli mundu haugui malaria. Aliyerithi upande mmoja tu, asiye mgonjwa, ndiye mwenye kinga fulani. Mwenye ugonjwa wenyewe, malaria inaweza kumuua. Mtoto wa namna hiyo akienda bweni, aende na barua ya hospitali mkononi mwa matroni: asikimbizwe mchakamchaka wa alfajiri, asiogeshwe maji ya baridi, anywe maji hata darasani, asichapwe kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa sababu ya maji hayo. Na mwenye pumu, pampu yake ikae naye kitandani. Nimeona pampu zikifungiwa kabatini ofisini "zisipotee", na ufunguo amelala nao mtu wa nyumba ya mbali.

Ukifika shuleni, usiridhike na bango la ufaulu getini. Omba kuliona bweni. Lina milango mingapi? Inafunguka kuelekea wapi? Madirisha yana nondo? Usiku ufunguo anao nani, na analala wapi? Mwaka 1994, mwaka ule ule wa kisa changu, moto wa bweni la Shauritanga kule Rombo uliwachukua wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2001 Wakenya walizika wavulana 67 wa Kyanguli. Mwalimu mzuri hatachukia kuulizwa maswali haya. Akichukia, umeshajibiwa.

La mwisho upande huu ni mlezi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Shule nyingi za nyumbani haziruhusu simu kwa wanafunzi. Mtoto atazungumza nawe kwa simu ya matroni, na matroni amesimama pembeni. Huko ndiko "nzuri" zinakozaliwa. Kwa hiyo panganeni neno lenu. Familia moja ninayoijua walikubaliana kwamba mtoto akisema "msalimie bibi wa Ujiji", maana yake sipo salama, mtume mtu. Bibi wa Ujiji hayupo. Siku moja mtoto alimsalimia, na mjomba akafika shuleni kesho yake. Mlezi awe mtu wa kufika kwa basi siku hiyo au kesho yake, mwenye jina lake kwenye kitabu cha shule, na atakayekuja Jumapili ya wageni na chapati zake. Mpeni nauli. Msimpe heshima ya ulezi bila nauli.

Na muulizeni mtoto: hapo shuleni, nani anakuuliza habari mara mbili? Akikutajia mtu, awe mpishi, mlinzi au mwalimu wa kwaya, mshukuru mtu huyo, mpelekee kitenge. Asipokutajia mtu, bado hujamaliza kumpeleka shule. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mwana lazima ajue mkono wa pili uko wapi.

Kwenu vijana

Wanangu, nimalizie kwenu. Mimi sisemi muache adabu. Shikamoo ibaki, nzuri ibaki. Ila lugha yetu imewawekea mlango hapo hapo: "Nzuri, ila…" Utumieni. Mzazi wako amevuka bahari na anasimama saa kumi na mbili kwa miguu yake ili wewe usome. Hataharibikiwa na "ila" yako. Ataharibikiwa akiijua kwa mtu mwingine, Februari.

Na kama wewe ndiye uliye macho na mwenzako anaweweseka kitanda cha chini, nenda ukagonge mlango. Wakikuita mbea, nenda. Wakisema unamchongea, nenda. Bora ugombezwe na watu wote wa bwenini kuliko kuja kuulizwa "Mlikuwa macho?"

Wazazi, wiki hizi mbili watoto watakuwa nyumbani. Msiwaulize habari mlangoni na mabegi mkononi. Waulizeni jikoni, mkimenya vitunguu, au ndani ya gari usiku, ambako hakuna anayemwangalia mwenziwe usoni. Wakisema nzuri, msikimbilie kushukuru. Nyamazeni kidogo. Halafu semeni kama alivyosema yule mama mpishi.

Nilipoanza niliwauliza habari za jioni, ukumbi mzima mkaitika nzuri. Najua si wote. Mimi nimeitikiwa "Wazima!" na watu arobaini, na mmoja wao alikuwa na malaria kichwani. Kwa hiyo sitawauliza tena kwa pamoja. Baada ya chakula nitakuwa pale kwenye meza ya chai, na karatasi zenye namba nilizotaja. Anayetaka kunipa habari, aje. Nimebadilishana zamu, sina haraka.

Heri ya Uhuru.